Kantonye alipwe kwanza

Kisangani, makao makuu ya jimbo la Tshopo nchini Kongo, hupata mvua ya milimita 1,700 hadi 1,800 kwa mwaka, na hakuna mwezi unaopita mkavu kabisa. Miezi ya Aprili na Mei hunyesha, kisha kuanzia Septemba hadi Novemba hunyesha zaidi. Hilo si siri ya mtu. Huko Yangambi mvua hiyo imepimwa tangu enzi za INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1933, na mkulima wa Bengamisa anaijua bila kipimo chochote. Hata hivyo, kila mwaka, ofisi za Makiso huipokea mvua kama mgeni asiyetoa taarifa. Barabara hukatika, tume hutumwa, picha hupigwa, na mheshimiwa fulani hutangaza kwamba hali ni ya dharura.

Makiso ni komini ya ofisi. Gavana yuko hapa, bunge la jimbo liko hapa, mabenki yako hapa, soko kuu liko hapa. Shamba halipo. Makemba, muhogo wa kutengenezea kwanga, mchele, mafuta ya mawese na mkaa huingia kutoka nje, kwa pirogi, kwa lori, kwa pikipiki, au kwa baiskeli inayosukumwa na kijana ambaye mguu wake umeshakuwa rangi ya udongo. Kaskazini, ng'ambo ya mto Tshopo, RN4 inaelekea Bengamisa na Banalia hadi Buta. Mashariki, RN4 hiyohiyo inakwenda Bafwasende na Nia-Nia mpaka Beni. RN3 inashika njia ya Lubutu. Magharibi kuna barabara ya Yangambi. Upande wa Lubunga, ambako mtu hufika kwa kuvuka mto Kongo usio na daraja, ziko njia za Opala na Ubundu. Na ndani ya mipaka ya mji wenyewe imo sekta ya Lubuya-Bera, yenye vijiji na mashamba ambayo watu wengi wa boulevard hawajawahi kuyakanyaga ingawa huyala kila siku.

Njia hizo zikilala, sahani ya Makiso inajua kabla ya gazeti. Bei hupanda sokoni huku chakula kikioza kijijini, na wanaoumia ni wawili kwa wakati mmoja: mama anayenunua na mama anayeuza.

Barabara ya udongo mwekundu haifi kwa ghafla. Ikitengenezwa vizuri huwa na mgongo: katikati imeinuka kidogo, kando imeinama, na pembeni kuna mitaro yenye matoleo ya kumwaga maji porini kila baada ya umbali mfupi. Mvua ikinyesha, maji hushuka kutoka kwenye mgongo, huingia mtaroni, hutoka. Basi. Tatizo huanza siku majani yanapoziba toleo moja. Maji hukosa pa kwenda, hurudi barabarani na kulainisha udongo. Lori la kwanza likipita linachora mifereji miwili. Mvua inayofuata haitafuti tena mtaro, maana imeshapata mifereji yake katikati ya njia. Lori la tatu au la kumi linazama hadi ekseli. Madereva wanachimba pembeni ili kulipita, na shimo linapanuka mpaka linameza barabara nzima. Msituni kuna adui mwingine asiyezungumzwa sana, kivuli. Miti ikiachwa ifunge juu ya njia, jua halifiki chini, na udongo ambao ungekauka mchana mmoja hubaki umelowa wiki nzima.

Ukiufuata mlolongo huo hadi mwanzo wake, utakuta kazi ya mtu mmoja mwenye koleo, jembe na panga, saa chache kwa siku. Mtu huyo ana jina katika nchi hii. Ni kantonye.

Kumbukumbu yake haina utamu wote. Wabelgiji walihamisha vijiji na kuvipanga kando ya barabara ili watu wahesabiwe, watozwe kodi na wapatikane kwa kazi. Ni utawala uleule ambao kwa amri ya mwaka 1917 uliweza kumlazimisha mwanakijiji alime kwa hadi siku 60 kwa mwaka. Kufyeka na kuziba mashimo kulikuwa sehemu ya maisha hayo, na kiboko hakikuwa mbali. Mobutu naye akaleta Salongo, kazi ya pamoja iliyoitwa ya kujitolea ingawa kukosa kwake kulikuwa na adhabu. Kwa hiyo wanasiasa wa leo wanapowaambia wanavijiji wajitolee kufufua njia, wajue wanagusa kidonda. Kantonye wa kijiji anahitaji mkataba na mshahara. Hotuba ya uzalendo ameshaisikia sana.

Kuhusu nani anawajibika, karatasi zimejaa. Kongo huhesabu kilomita 152,400 za barabara. Kati ya hizo, 58,129 ziko chini ya Office des Routes, iliyoanzishwa mwaka 1971. 7,400 ni za mijini na ziko mikononi mwa ofisi ya OVD. Zilizobaki, 86,871, ndizo za mashambani, na msimamizi wake ni OVDA, iliyokuwa idara ya DVDA. Zaidi ya nusu ya barabara zote za nchi, basi, ni zile ambazo hazina namba kinywani mwa mtu yeyote. Mwaka 2008 likaundwa shirika la FONER, linalokusanya tozo kwenye mafuta ya magari na pesa za peaje kwa ajili ya matengenezo. Mwaka huohuo ikatoka sheria ya mamlaka za chini, ambayo inazipa komini, sekta na uchifu kazi ya kutunza njia zao. Katiba ya 2006 ilikuwa imeshasema kwamba asilimia 40 ya mapato ya taifa ibaki majimboni yanakotoka, na sheria inazipa mamlaka za chini haki ya asilimia 40 ya fungu hilo la jimbo.

Ikisomwa hivyo, sekta ya Lubuya-Bera ingepaswa kuwa na koleo za kutosha. Kila mtu Kisangani anajua kwamba fungu hilo halifiki kama lilivyoandikwa. Likifika, hufika kwa kuchelewa na likiwa limekonda, na mkuu wa sekta hulitumia kwanza kulipa watumishi wake. Haifai kumlaumu sana. Mtu aliyepewa wajibu bila pesa hufanya anachoweza.

Lakini liko jambo moja ambalo halihitaji pesa nyingi, na ndilo linaloharibiwa zaidi. Ni barieri ya mvua. Nguzo hushushwa barabarani mvua inapoanza, nayo hubaki chini hadi saa chache baada ya kukatika, ili magari mazito yasiukanyage udongo ukiwa laini. Kuna wanaoidharau kama desturi ya kikoloni ya nchi maskini. Wanakosea. Ufaransa ina kitu kilekile katika sheria zake za barabarani, ila chao ni cha barafu: majira ya baridi yanapokwisha, barafu iliyo ardhini huyeyuka kuanzia juu, maji hunaswa kwa kuwa chini bado pameganda, na udongo hulegea kama ule wa Banalia mwezi wa Oktoba. Hapo malori mazito huzuiwa. Québec, ambako Wakongomani wengi wamehamia, hupunguza uzito unaoruhusiwa wa malori kila majira ya kuchipua, kanda kwa kanda, kwa tarehe zinazotangazwa mapema. Nchi tajiri yenye mashine za kusukuma theluji nayo imekubali kwamba ziko wiki ambazo lori halina budi kusubiri.

Tofauti iko kwa anayeishika nguzo. Huko, tarehe hutangazwa na anayevunja amri hupigwa faini inayokwenda hazina. Huku, mahali pengi, barieri imegeuka kuwa dirisha la malipo. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS walichora ramani ya vizuizi vya barabarani katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini pekee wakapata karibu 800, vya wanajeshi, vya watumishi wa serikali, vya makundi yenye silaha. Tshopo haina vita vya namna hiyo kila mahali, ila tabia imesafiri. Nguzo inayoinuka kwa noti za franga hailindi barabara. Inalinda mfuko wa aliyeishika. Mbaya zaidi, inamfundisha dereva kwamba kanuni ya mvua ni bei tu, na dereva aliyelipa hana sababu ya kusubiri udongo ukauke.

Uingereza inatoa somo jingine, la mahakamani. Mnamo Novemba 1991 dereva mmoja aliteleza kwenye barafu katika kaunti ya East Sussex akaumia vibaya sana. Aliishtaki halmashauri ya kaunti kwa kutoweka chumvi mapema. Kesi ilipanda hadi kwenye baraza la juu kabisa la majaji, ambalo mwaka 2000 lilisema kuwa sheria ya barabara ya 1980 inailazimu halmashauri kutunza barabara yenyewe, si kuondoa barafu iliyo juu yake. Dereva akashindwa. Watu wangeweza kukubali yaishe, lakini mwaka 2003 bunge liliongeza kifungu kinachoitaka mamlaka ya barabara ihakikishe, kadiri inavyowezekana, kwamba theluji na barafu hazihatarishi wapitao. Tangu hapo mwananchi wa huko anajua ofisi ya kuigongea. Wa Bengamisa akigonga kwa Office des Routes ataambiwa fedha ziko FONER; FONER watasema wametuma; jimbo litasema linangoja Kinshasa. Mvua haingoji.

Wako watakaosema suluhisho ni lami. Lami ni nzuri, na RN4 inaistahili. Ila Tshopo ndilo jimbo kubwa kuliko yote 26 ya Kongo, lenye kilomita za mraba karibu 200,000 na teritwari saba: Bafwasende, Banalia, Basoko, Isangi, Opala, Ubundu na Yahuma. Hakuna bajeti inayoonekana leo itakayofikisha lami katika vijiji vya Yahuma. Mpango wa maendeleo wa teritwari 145 ulihusisha ukarabati wa barabara za mashambani, na greda zikipita watu hushangilia kwa haki. Lakini greda ikishaondoka bila kuacha kantonye nyuma yake, misimu michache ya mvua hurudisha kila kitu kilipokuwa, na aliyelipia mara ya kwanza analipia tena.

Jimbo hili limeshaona njia nyingine ikifanya kazi. Mradi wa Pro-Routes, ulioanza mwaka 2008 kwa fedha za Benki ya Dunia na Uingereza, ulifungua upya barabara kadhaa, ikiwemo ya Kisangani hadi Buta na kuendelea Bondo. Ushirikiano wa Ubelgiji nao ulikuwa na PRODET, programu ya kuifungua Tshopo kwa barabara na vivuko. Kamati za wenyeji, zinazojulikana kama CLER, zilikabidhiwa vipande vya njia: kufyeka, kuzibua mitaro, kuziba mashimo yangali madogo, kushusha barieri. Kazi ilikaguliwa, kisha ikalipwa kwa kilomita. Pesa ile ilibaki kijijini, ikanunua sabuni na kulipa karo. Udhaifu wake unajulikana pia: mfadhili akifunga ofisi, malipo hukatika, na kamati hufa kabla ya daraja.

Tanzania ilikutana na swali hilohilo. Mwaka 2017 ilianzisha wakala wa TARURA kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, kisha mwaka 2021 ikaongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, fedha zikielekezwa kwenye barabara hizo. Barabara zao bado hukatika masika. Atakayesema vinginevyo hajafika Morogoro mwezi wa Aprili. Ila tozo ina jina, wakala una jina, na mbunge anaweza kuuliza bungeni fedha zimekwenda wapi. Kongo nayo inatoza kila lita tangu kuwepo kwa FONER. Kinachokosekana ni swali hilo kuulizwa Makiso kwa sauti, kila mwaka, kabla ya Septemba.

Na sasa yuko wa kuliuliza. Tarehe 20 Desemba 2023, wapiga kura wa komini za makao makuu ya majimbo walichagua washauri wa komini, nafasi ambazo kwa miaka mingi zilikuwa kwenye sheria tu. Washauri wa Makiso hawana mamlaka juu ya RN4 wala juu ya njia ya Opala. Lakini wanawakilisha watu wanaokula kinachopita humo, na kilio chao kiko umbali wa mitaa michache tu na mlango wa gavana na ule wa bunge la jimbo.

Bunge la jimbo lidai mambo matatu katika bajeti ijayo. Orodha ya barabara za mashambani zitakazotunzwa ibandikwe hadharani mwezi wa Agosti, kijiji kwa kijiji, pamoja na jina la ofisi inayowajibika kwa kila kipande. Barieri za mvua zikabidhiwe kamati za CLER, na askari au mtumishi atakayechukua pesa hapo ashtakiwe. Na pesa ya jimbo ya barabara ikiingia, hata ikiwa kidogo, kantonye alipwe kwanza, kabla ya mafuta ya greda, kabla ya posho ya tume ya ukaguzi. Waheshimiwa wa Tshopo, msimu mkubwa wa mvua huanza Septemba.