Tuwapeleke Askari Wakautazame Nyiragongo

Askari aliyewahi kupewa lindo la usiku hapa Gisenyi anaujua Mlima Nyiragongo kwa namna moja tu: ni ule wekundu unaoonekana angani upande wa kaskazini, katika vipindi ambavyo ziwa la lava lililo ndani ya shimo la kileleni huwa limejaa. Huutazama kama mtu atazamavyo taa ya jirani. Zamu ikiisha hurudi kambini akalala, na asubuhi mlima umekwisha kufunikwa na mawingu, naye hana habari nao tena mpaka zamu nyingine. Nimewauliza wengi, wa jeshi na wa polisi, na jawabu limekuwa lile lile: "Mlima tunauona kila siku, afande." Mimi nadai kwamba hatuuoni, na kwamba kutouona huko kwaweza siku moja kutugharimu roho za watu.

Pendekezo langu ni dogo wala halihitaji fedha nyingi. Kila kikosi kilichoko Wilaya ya Rubavu kiwe na desturi ya kuwatoa askari kumi au kumi na wawili wasio na zamu, kwa siku moja tu, wakautazame mlima huo pamoja na mtu anayeweza kuwaeleza. Sisemi wakaupande. Mlima wenyewe umo katika nchi ya Kongo, na kuupanda si kazi yetu. Nasema wautazame kutoka upande wetu wa mpaka, kwanza kutoka juu ya Kilima cha Rubavu, kisha kutoka Busasamana na Bugeshi, ambako mtu huiona safu nzima: Nyiragongo upande wa magharibi, Mikeno na ncha yake kali upande wa kaskazini, na Karisimbi yenye meta 4,507 ikizishinda zote.

Najua watakaosema kwamba hiyo ni starehe ya watalii, na kwamba mafuta ya gari yana kazi nyingine. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa, nami nitaijibu. Lakini kwanza tuwatazame wenzetu wa mbali.

Wajapani wanao mlima wao, Fuji, wenye meta 3,776, ulioko kiasi cha kilometa 100 kutoka Tokyo. Kila siku mabasi hutoka mjini yakiwa yamebeba watu wa kwenda kuutazama na kurudi jioni. Mwaka 2024 watu walizidi mno hata halmashauri ya mji wa Fujikawaguchiko ikatundika pazia jeusi kando ya barabara ili kuwazuia wapiga picha waliokuwa wakivuka ovyo mbele ya magari, na mkoa wa Yamanashi ukaweka kikomo cha wapandaji 4,000 kwa siku katika njia moja. Hayo ni ya watalii, na tuwaachie wao. Jambo linalotuhusu sisi ni jingine. Fuji ililipuka mara ya mwisho mwaka 1707, ikaumwagia majivu mji wa Edo, ambao leo ndio Tokyo. Zimepita zaidi ya karne tatu, na bado Wajapani wanazo ramani za hatari za mlima huo, walizozitengeneza upya mwaka 2021, zinazoonyesha lava itapita wapi na itafika kwa muda gani. Na chini ya mlima huo huo jeshi lao la nchi kavu lina shule yake kubwa, ambako askari hujifunza kazi mlima ukiwa mbele ya macho yao.

Mlima wao umenyamaza tangu 1707. Wetu ulinena mwaka 1977, ukanena 2002, ukanena 2021. Nani basi mwenye haki zaidi ya kuufanyia mlima wake somo?

Tarehe 10 Januari 1977 ziwa lote la lava lilipasua kuta za mlima na kumwagika kwa muda usiozidi saa moja. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi kuliko ya volkano nyingi duniani, hukimbia kama maji ya mafuriko, na siku ile kwenye miteremko mikali ilikwenda kwa mwendo wa makumi ya kilometa kwa saa. Mtu kwa miguu hawezi kuipita. Lakini ikifika kwenye ardhi tambarare hupunguza mwendo na kupoa, na hapo mtu mzima, hata aliyebeba mtoto, huweza kuiepuka akijua aelekee wapi. Tofauti ya hali hizo mbili ni tofauti ya uhai na kifo, nayo hutegemea umbo la ardhi tu. Umbo la ardhi ni somo la kwanza la askari tangu siku ya kwanza ya mafunzo. Mimi mwenyewe nilipokuwa kadeti niliadhibiwa zaidi ya mara moja kwa kushindwa kusoma miinuko katika ramani, na sijapata kumlaumu aliyeniadhibu.

Tarehe 17 Januari 2002 lilitokea jambo ambalo kila askari wa mpaka huu angepaswa kulijua kwa moyo. Moto haukutoka kileleni. Mlima ulipasuka ubavuni, nyufa zikashuka upande wa kusini mpaka karibu na Munigi, ambayo ni kama mlango wa Goma. Waliokuwa wakitazama juu walikuwa wakitazama pasipo. Lava ikakatiza katikati ya mji, ikafunika sehemu ya kaskazini ya uwanja wa ndege, ikaingia katika Ziwa Kivu. Watu wapatao 300,000 au zaidi waliukimbia mji, wengi wao wakavuka kuja huku kwetu Gisenyi. Siku chache baadaye, kituo kimoja cha petroli kilichozungukwa na lava yenye moto kilishika moto na kuwaua makumi ya watu waliokwenda kuchota mafuta. Askari polisi mmoja mwenye kujua kwamba lava huendelea kuwa na moto ndani kwa siku nyingi baada ya uso wake kuwa mweusi, angetosha kuwafukuza wale watu pale. Labda wasingemsikiliza. Lakini angekuwa na la kuwaambia.

Kisha ikaja Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021. Usiku uliingia na anga ikageuka nyekundu. Watu wa Goma, bila kungoja amri, wakashika njia, wengine kwenda Sake, wengine kuja kwetu, na maelfu wakapokelewa upande huu usiku ule ule. Kituo cha Goma cha kuchunguza volkano kilikuwa kimeishiwa fedha tangu mwaka uliotangulia, hata kwa miezi mingi kilikosa intaneti ya kupokelea habari za mitambo yake iliyoko mlimani, kwa hiyo hakuna aliyepata onyo la maana. Lava ilisimama karibu na uwanja wa ndege. Idadi ya waliokufa ilipohesabiwa mwishoni ilifikia watu wapatao 32. Lakini itazameni hesabu ya kwanza iliyotolewa na serikali ya Kongo: watu 15, na kati yao tisa walikufa katika ajali ya barabarani wakikimbia, wanne walikuwa wafungwa waliojaribu kutoroka, na wawili tu ndio waliounguzwa na moto. Wengine waliongezeka baadaye kwa kuvutwa na udadisi wakavuka juu ya lava iliyokuwa ikipoa, gesi ikawaua. Shirika la UNICEF lilitaja watoto zaidi ya 150 waliopotezana na wazazi wao.

Barabara, gereza, watoto waliopotea, watu wadadisi. Ndugu askari polisi, hizo ni kazi za nani?

Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mfululizo. Nyumba zikapasuka hapa hapa Gisenyi, nyufa zikaonekana barabarani, na tarehe 27 Mei wakazi wa mitaa kadhaa ya Goma wakaamriwa kuhama, kwa hofu kwamba lava ilikuwa imepita chini ya mji mpaka chini ya ziwa. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Kilindini mwa Ziwa Kivu mna gesi ya kaboni inayokadiriwa kuwa kilometa za ujazo 300, na methani kilometa za ujazo 60, ile ambayo tangu mwaka 2016 huendesha mtambo wa umeme wa megawati 26 kule Karongi. Ziwa dogo sana la Nyos nchini Kameruni lilitoa gesi yake usiku mmoja wa Agosti 1986, watu wapatao 1,700 wakafa.

Sasa nirudi kwenye safari, maana nimekwisha kuifanya, na mara ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Tulikuwa kumi na wawili, saba wa jeshi na watano wa polisi. Tulipanga kuondoka saa kumi na moja alfajiri, kwani mlima hujionyesha asubuhi na kujificha mapema. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ni habari na picha, niliwapanga wenzangu kando ya ziwa kwa ajili ya picha ya kumbukumbu. Kisha picha ya pili, kwa sababu koplo mmoja alifumba macho. Kisha ya tatu. Tulipofika Busasamana ilikuwa saa tatu na nusu, na Nyiragongo haupo. Mbele yetu palikuwa na ukungu mweupe tu, kana kwamba hapajapata kuwa na mlima mahali pale. Tulikaa mpaka saa nane tukila viazi vya kuchemsha. Hakuna aliyenilaumu kwa maneno. Koplo yule aliuliza tu, kwa heshima, kama picha zilitoka vizuri.

Mara ya pili tuliondoka gizani, na saa kumi na mbili mlima ulikuwa wazi kuanzia chini mpaka juu, meta 3,470, na moshi ukielea kileleni. Mzee mmoja wa Busasamana aliyekuwa akienda shambani alisimama nasi. Aliwaita askari "wanangu", akawaeleza walivyosimulia wahenga, kwamba roho za watu wema huishi Karisimbi pamoja na Ryangombe, na zile za wabaya hutupwa Nyiragongo. Vijana wakacheka. Kisha akawaonyesha kwa fimbo yake mabonde, moja baada ya jingine, akisema lipi lilijaa watu mwaka 2002 na lipi lilijaa 2021, na njia ipi huziba kwanza. Sajini mmoja wa polisi alitoa daftari akaanza kuchora. Hapo ndipo nilipoamini kwamba mafuta ya gari hayakupotea.

Jambo jingine tulilojifunza siku hiyo liliwashangaza hata wakongwe. Huku kwenye nchi ya lava, hasa upande wa Goma na Sake, ipo hewa iitwayo mazuku. Ni gesi ya kaboni itokayo ardhini. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa hukusanyika katika vishimo na mabonde madogo, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo, haina rangi, na huua mbuzi, mbwa na mtu. Askari hufundishwa kwamba palipo chini ndipo penye usalama. Akisikia risasi hulala bondeni. Akichoka hulala bondeni. Katika ardhi hii bonde laweza kumuua bila risasi. Hilo haliandikwi katika vitabu vya mafunzo ya watoto wachanga wa jeshi, hujulikana kwa kuambiwa na mwenyeji, mahali penyewe, kwa kidole.

Kwa nini kikundi kidogo, wala si lori zima? Kwa sababu watu arobaini hugeuka gwaride. Wa nyuma hawasikii, wa mbele hawathubutu kuuliza, na mzee wa kijiji akiona lori hupita njia nyingine. Watu kumi na wawili huweza kukaa chini pamoja. Tena nasisitiza jeshi na polisi waende pamoja katika gari moja, kwani usiku wa msiba hukutana kwenye kizuizi cha mpaka wakiwa hawajuani majina.

Wapo watakaonikumbusha Mlima Ontake wa Japani, uliolipuka adhuhuri ya Jumamosi, tarehe 27 Septemba 2014, ukawaua watu 63 waliokuwa matembezini kileleni. Ni kweli, na walioingia katika majivu yale kuwatafuta walikuwa askari, polisi na wazima moto. Ndiyo sababu nasema kutazama kwa mbali, kwa ruhusa ya mkuu wa kikosi, na kwa kuuliza kwanza hali ya mlima.

Kwa wakuu wa vikosi ninaomba machache: gari moja, siku moja kila mwezi katika majira ya kiangazi, kati ya Juni na Agosti, darubini mbili, na ramani. Ofisi yangu itamtafuta wa kueleza. Gari liondoke saa kumi na moja kamili alfajiri, na picha zipigwe wakati wa kurudi.