Kidani cha Freyja na Kalamu ya Padri

Karibu kila makala iliyotufikia kwa ajili ya toleo hili inamwanzia Freyja, mungu wa kike wa hadithi za kale za Skandinavia, kitandani. Usiku wa kwanza yuko kwa Álfrigg, wa pili kwa Dvalinn, wa tatu kwa Berlingr, wa nne kwa Grérr. Vibeti wahunzi wamelipwa, naye anaondoka na kidani shingoni. Kisha mwandishi hututangazia kwamba hapo ndipo kilipo kiini cha kidani hicho, Brísingamen. Nimechoka.

Kisa hicho kimo katika Sörla þáttr, ndani ya Flateyjarbók, kitabu ambacho kuandikwa kwake kulianza mwaka 1387. Aliyekinakili humo ni Jón Þórðarson, padri, na Iceland ilikuwa imepokea Ukristo tangu mnamo mwaka 1000. Someni mwisho wake basi: ili arudishiwe kidani, Freyja anaamriwa na Odin awagombanishe wafalme wawili, wapigane, wafe, wainuke na kupigana tena, mpaka atokee Mkristo wa kuwatuliza. Na kweli anatokea, tena mtu wa mfalme Ólafr Tryggvason! Huu ndio ushahidi tunaoletewa kuhusu imani ya waliomwabudu Freyja? Isitoshe, humo kidani hakina jina. Ni sisi tunaokibandika Brísingamen.

Siukatai wizi wa kidani uliomo katika kisa hicho. Loki kujigeuza kiroboto na kumng'ata Freyja shavuni ni ufundi mtupu wa msimulizi, lakini Loki kuwa mwizi wa kito hicho ni jambo la kale: mshairi Þjóðólfr wa Hvinir analigusa katika Haustlöng, na mshairi Úlfr Uggason, alipousifu ukumbi wa Hjarðarholt mwishoni mwa karne ya 10, aliwataja Loki na mungu Heimdall wakigombea kito, ugomvi ambao mwandishi Snorri anasema waliupigana wakiwa na maumbo ya sili. Kitanda hakimo. Wizi ni wa kale. Bei ndiyo ngeni.

Halafu kuna shairi la Þrymskviða. Freyja anaambiwa avae shela akaolewe na jitu ili nyundo ya Thor ipatikane. Anafoka kwa hasira hadi ukumbi unatikisika na kidani kinadondoka, na mwishowe ni Thor mwenyewe anayekivaa, na shela juu. Mwenye kidani hapa amekataa katakata kuwa malipo. Mtaniambia shairi hili nalo huenda si la kale sana. Sawa, lakini Codex Regius, mswada wa mnamo 1270 uliolihifadhi, umemtangulia Jón kwa zaidi ya miaka mia moja.

Makala kuhusu Beowulf inatukumbusha, kwa ufupi unaopendeza, kwamba huko Hama anatoroka na kidani na Freyja hatajwi kabisa. Ile ya sanamu ndogo ya fedha kutoka Aska, Uswidi, ina picha nzuri, ingawa si kila mwanamke wa fedha mwenye mikufu ni Freyja. Makala kuhusu Wagner nimeiacha ipite. Freia wake ana matofaa.

Mpangilio ni wangu, na lawama nileteeni mimi. Mashairi ya Þjóðólfr na Úlfr yametangulia, pamoja na maelezo marefu. Sörla þáttr iko nyuma kabisa, mahali ambapo tarehe yake inaiweka, na wenye hamu ya zile usiku nne wataifunua huko.