Nani Amrushie Jiwe?

Jioni moja, katika mojawapo ya barabara za Ngamiani mjini Tanga, nilisikia ukelele: "Mwizi!" Kufumba na kufumbua kijana alikuwa chini. Aliokolewa na mama muuza vitumbua, aliyemfunika kwa kanga yake akakataa kuondoka. Waliokuwa wakimpiga mawe walikuwa vijana wa rika lake, wasio na kazi kama yeye.

Magazeti yetu huwaita watu hao "wananchi wenye hasira kali". Yatupasa kuuliza hasira hiyo imetoka wapi.

Mji wa Tanga ulijengwa kwa mkonge, bandari na reli. Kamba za plastiki zilipoenea duniani, bei ya mkonge ilianguka na mashamba yakafifia. Katika miaka ya 1980 na 1990 viwanda kadhaa navyo vilifungwa. Kijana amerithi masimulizi ya ajira, si ajira yenyewe. Na aliposimama kijiweni, Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ilimhesabu kuwa mvivu, na Kanuni ya Adhabu ikamwita mzururaji. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinakiuka Mkataba wa Afrika. Hata hivyo, jeraha la moyoni haliponi kwa maoni ya mahakama. Aliyezoea kudhaniwa mhalifu hupata katika jiwe nafasi ya kuhesabiwa, walau kwa dakika moja, miongoni mwa walio wema.

Wapo watakaosema: polisi huchelewa, na mtuhumiwa huonekana mtaani kesho yake. Lalamiko hilo ni la kweli mara nyingi. Lakini Katiba yetu ya mwaka 1977, Ibara ya 13, inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika. Mahakama ikikosea, rufaa ipo. Jiwe halina rufaa.

Basi, ndugu msomaji, tudai kituo cha polisi kinachowajibika, badala ya kuwaachia watoto wetu kazi ya mnyongaji. Viongozi wa mitaa, mashehe na mapadre tukae na vijana vijiweni kabla ukelele haujapigwa. Na siku utakapopigwa, kila mmoja ajiulize kama anayo kanga ya kumfunika mwenzake.