Kabla ya Kukodi Nyumba Sherikat
Mfanyabiashara anayepitia Nimule kutafuta stoo Sherikat, ng'ambo ya mashariki ya Nile, huulizwa kwanza atalipa kodi ya miezi mingapi. Naye aulize: kabla ya 2005 nyumba hii ilikuwa ya nani? Sheria ya Ardhi ya 2009 ilimpa aliyehamishwa na vita vilivyoanza 1983 haki ya kudai kiwanja chake, kwa hiyo karatasi yenye muhuri mpya haitoshi. Chifu wa Wabari na majirani wazee watamweleza mengi kuliko dalali. Mgeni mwenyewe hamiliki ardhi, hupangishwa tu, hata akitoka ndani ya Jumuiya. Basi ofisi ya ardhi imfungulie mpangaji daftari, si mwenye nyumba pekee. Mzigo ukitupwa barabarani, hasara ni ya mpangaji.