Kituo Kidogo, Kazi Kubwa
Kituo cha pembezoni mwa mji kisipimwe kwa ukubwa wa jengo lake. Kipimwe kwa usumbufu kinaomwondolea abiria. Ujerumani ilitoa ushahidi mwaka 1992, pale Karlsruhe ilipounganisha njia za tramu za mjini na reli ya kawaida iendayo Bretten. Behewa lilelile, linaloweza kutumia umeme wa volti 750 mjini na volti 15,000 kwenye reli kuu, likawa linamchukua mtu karibu na kwake na kumfikisha katikati ya mji. Awali alishuka stesheni kuu, iliyo mbali na maduka na ofisi, akasubiri tramu. Vituo vipya vikaongezwa njiani, kwa kuwa tramu husimama na kuondoka upesi, na jukwaa fupi huitosha. Abiria wakaongezeka mara kadhaa. Wapo wanaodai kwamba vituo vingi huchelewesha safari. Ni kweli kwa dakika za ndani ya behewa, lakini safari huanzia mlangoni pa mtu. Kutembea na kusubiri navyo ni safari. Wengine hutaja gharama: mradi kama huo wa Sheffield hadi Rotherham, Uingereza, ulianza kazi 2018 kwa kuchelewa, baada ya gharama za ujenzi kupanda kutoka pauni milioni 15 hadi 75. Hoja hiyo ni nzito, ila inahukumu makadirio mabovu, si wazo lenyewe. Wapangaji wa miji waanze na kituo kilicho karibu na watu, ndipo wahesabu kasi ya treni.