Bajeti ya mradi isomwe kwa Kiswahili mbele ya raia

Kasongo, Maniema – Katika wilaya za Kasongo na Kabambare, kibao cha mradi kinaishi miaka mingi kuliko mradi wenyewe. Pampu ya maji imevunjika, lakini kibao chenye majina ya wafadhili kingali kinang'aa pembeni ya barabara. Jipe inafika, watu wanaandikwa majina, picha zinapigwa, semina ya siku mbili inafanywa, kisha jipe inarudi Kindu, zaidi ya kilomita 200. Mwaka unaofuata shirika lingine linakuja na karatasi mpya na maswali yale yale: mko wangapi, mnakula mara ngapi kwa siku, mnalala wapi.

Anayeleta msaada anastahili asante. Lakini asante haimfungi mtu mdomo. Pesa zilizoombwa kwa jina la mkimbizi ni jambo la mkimbizi. Ana haki ya kujua ni ngapi ziliombwa, ngapi zilitumika njiani na ngapi zilifika kijijini.

Kwanza ukweli uwekwe mahali pake. Familia zilizokimbia mapigano ya Salamabila, na zile zilizovuka kutoka jimbo la Tanganyika wakati wa vita kati ya Watwa na Waluba, hazikupokelewa kwanza na shirika. Zilipokelewa na wakaaji. Mama mwenye watoto sita alimpa mwenzake mwenye watano chumba, mkeka na sombe. Shamba la mpunga la familia moja likalisha mbili. Msaada huo wa kwanza hauna kibao wala ripoti. Halafu shitingi zikifika, mwenyeji anaambiwa kwamba hayumo kwenye orodha. Hapo ndipo ugomvi unapoanza kati ya watu waliokuwa wanakula chungu kimoja.

Pili, msaada wa mbali unaweza kukatwa kwa siku moja. Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai mwaka huo shirika lake la USAID likaacha kazi. Mwaka 2024 Marekani ilikuwa imetoa karibu asilimia 70 ya pesa za msaada wa dharura nchini Kongo. Hakuna mkimbizi aliyeulizwa. Kama dawa na chakula cha wilaya nzima vinategemea sahihi ya mtu mmoja ng'ambo ya bahari, basi kilichojengwa hapo si maendeleo, ni foleni.

Mashirika yenyewe yanajua hilo. Mei 2016, huko Istanbul, Uturuki, wafadhili na mashirika makubwa waliahidi kwamba ifikapo 2020 asilimia 25 ya pesa za msaada zitawafikia wenyeji kwa njia fupi iwezekanavyo. Mwaka 2020 ulipita, ahadi haikutimizwa. Shirika la mwenyeji bado linaitwa mshirika, lakini kazi yake ni kubeba magunia, kuhesabu watu na kuandika ripoti kwa Kifaransa kizuri. Bajeti inakaa kwa mwingine.

Kuna atakayesema kwamba kazi ya namna nyingine haiwezekani hapa. Historia ya Kasongo inamjibu. Katika miaka ya 1970, Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, Ubelgiji, ilifanya kazi hapa katika mpango ulioitwa Projet Kasongo. Kazi haikuwa ya kugawa na kuondoka. Viliwekwa vituo vya afya karibu na watu, vikiongozwa na wauguzi, na nyuma yao hospitali kwa wagonjwa waliozidiwa. Mwaka 1981 jarida la The Lancet la Uingereza lilichapisha utafiti wa kundi hilo juu ya chanjo ya surua kwa watoto wa Kasongo. Zoni za afya ambazo Zaire ilizieneza nchi nzima katika miaka ya 1980 zilichota mengi katika kazi hiyo. Mradi uliisha, zoni ya afya ikabaki. Hicho ndicho kipimo: kinabaki nini jipe ikiondoka?

Shuleni ni vile vile. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kinasema shule ya msingi ya serikali ni bure, na Septemba 2019 serikali ilianza kukitekeleza. Begi lenye nembo ya shirika ni kitu kizuri. Lakini mtoto aliyekimbia anahitaji kwanza nafasi darasani, mwalimu anayelipwa, na kukubaliwa hata kama karatasi zake ziliungua pamoja na nyumba. Pale mwalimu hayumo kwenye orodha ya mishahara, mzazi ndiye anayemlipa, na mkimbizi asiye na franka anamrudisha mtoto nyumbani akiwa na begi lake jipya mgongoni.

Na mazingira? Miche inagawanywa, fulana za kijani zinavaliwa, hotuba zinatolewa. Lakini amri ya serikali namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii ya wenyeji kupewa msitu wake kisheria, hadi hekta 50,000. Novemba 2021, huko Glasgow, mfuko wa misitu wa CAFI uliiahidi Kongo dola milioni 500. Shirika linalopenda msitu wa Kabambare lisaidie kijiji kuchora ramani na kuandika ombi lake. Msitu wenye mwenyewe haukatwi ovyo. Na mkimbizi anayekatazwa kuchoma makala aonyeshwe shamba la kulima, maana katazo peke yake halipikwi.

Lawama za hapa nyumbani zipo pia. Kuna mashirika ya mkoba: mwenyekiti, mke wake na muhuri. Kuna wakuu wanaoandika majina ya watu wasiokuwepo, kisha wanadai kitu kidogo ili jina la kweli liingie. Anayekula fungu la mjane ni mwizi, awe ametoka Ulaya au kijiji cha jirani. Lakini dawa ya wizi ni hesabu ya wazi, si kuwanyima wenyeji wote.

Kwa hiyo madai ni matatu. Bajeti ya kila mradi ibandikwe kwa Kiswahili mbele ya ofisi ya sekta au usultani, na isomwe redioni. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inazipa sekta na usultani mamlaka yao. Zisipitwe kama mti wa njiani. Orodha ya wanaosaidiwa itengenezwe na kamati ya wakimbizi na wenyeji waliowapokea, na akina mama wawe nusu. Na mradi usifunguliwe kabla ya kusemwa nani atautengeneza ukiharibika: kamati ya afya, CODESA, au kamati ya wazazi shuleni, COPA, na kwa pesa zipi.

Wakaaji nao wasiende mkutanoni kwa ajili ya sabuni na soda tu. Waulize pale pale, kwa heshima: pesa ni kiasi gani, kazi inaisha lini, spea za pampu zitatoka wapi. Anayefanya kazi safi atajibu kabla ya kupanda jipe. Asiyejibu aulizwe tena kesho yake, mbele ya mkuu wa sekta, mpaka jibu lipatikane.