Tahadhari: Usipokee Fedha za Mtu kwa Jina la Kazi

Kama umefika Uingereza kusoma na unatafuta kibarua, kuna ujumbe ambao huenda umeshaupata au utaupata karibuni. Unakuja kwa WhatsApp, Telegram au Instagram, wakati mwingine kwa Kiswahili safi kabisa, na aliyeutuma anakuita dada au kaka. Anasema kampuni yake inatafuta "wakala wa malipo". Hakuna usaili, uzoefu hauhitajiki, kazi unaifanyia chumbani kwako. Anachotaka ni akaunti ya benki ya Uingereza tu. Fedha zitaingia, utakata asilimia tano yako, zinazobaki utazipeleka atakakokuelekeza.

Usikubali, hata mara moja.

Fedha hizo zimeibwa. Kuna mzee ametapeliwa akiba yake, au mtu amelipia nyumba ya kupanga ambayo haipo, na wezi wanahitaji akaunti ya mtu asiye na doa ili zipite haraka kabla benki haijashtuka. Tuseme asubuhi zimeingia pauni 1,800 kutoka kwa jina usilolijua. Unabakiza 90, unatuma 1,710, na hadi mchana huyo kaka keshakupigia simu mara kadhaa akikuharakisha. Baadaye aliyeibiwa anaripoti. Benki inafuata njia ya fedha, na jina inalolikuta ni lako, likiwa na anwani, picha ya pasipoti na namba ya simu. Yule wa WhatsApp alikuwa na laini tu, na ameshaitupa.

Wengi wanaonaswa si wezi wala si wajinga. Kwetu tumezoea M-Pesa na Airtel Money. Simu ya jirani imezima, anaomba atumiwe kwa namba yako, unampokelea, mnaenda kwa wakala, unamtolea fedha zake, anakushukuru na yamekwisha. Ni wema, na hakuna anayekuuliza kitu. Mazoea hayo ndiyo matapeli wanayoyatumia, hasa wanapokuwa watu wa kwetu wanaojua kuzungumza nasi. Uingereza, kinachopita kwenye akaunti yako unakijibia wewe. Na kwenye kosa la utakatishaji fedha haihitajiki ithibitike kwamba ulijua kila kitu. Ukishuku kuwa fedha ni za wizi na bado ukazipitisha, inatosha. Sheria ya mwaka 2002 inaruhusu kifungo cha hadi miaka 14, na mgeni anayehukumiwa jela miezi 12 au zaidi anakabiliwa na kurudishwa kwao.

Hata usipofikishwa mahakamani, utaumia. Akaunti inazuiwa pamoja na ada uliyotumiwa na wazazi, kodi ya chumba na mshahara wako halali. Jina lako linaweza kuingizwa kwenye kanzidata ya udanganyifu ya Cifas, ambayo benki nyingi huitazama, na likakaa humo hadi miaka 6. Kwa miaka hiyo kufungua akaunti nyingine, kupata mkopo, hata mkataba wa simu, ni shida tupu. Na bila akaunti, ni mwajiri gani atakulipa?

Wanaomaliza masomo nao wajihadhari. Anayetaka kununua akaunti yako na kadi yake kwa sababu "unarudi nyumbani, huihitaji tena" anataka jina lako liendelee kubaki huko likimfanyia uhalifu. Ifunge kabla hujapanda ndege.

Najua kinachowasukuma watu. Visa ya mwanafunzi wa shahada kwa kawaida inaruhusu saa 20 tu kwa wiki wakati wa muhula, zikihesabiwa Jumatatu hadi Jumapili, kwa kazi zako zote pamoja. Huwezi kufanya 25 wiki hii ukafidia kwa 15 wiki ijayo. Kwa wengi wanaosoma uzamili, hata miezi ya kiangazi ya kuandika tasnifu huhesabiwa kuwa muhula. Saa hizo hazitoshi kulipa ada, na ndiyo maana "kazi ya chumbani" inavutia. Kwa sababu hiyohiyo wengine hukodi akaunti ya mtu mwingine kwenye programu za usambazaji wa vyakula ili wasambaze kwa baiskeli, ilhali visa hiyo hairuhusu kujiajiri.

Lakini kazi halali zipo: nyumba za kulelea wazee, maghala, jikoni, maktaba ya chuo chenyewe. Mwajiri wa kweli ataomba kuthibitisha haki yako ya kufanya kazi, na akaunti yako ataitumia kukulipa mshahara tu. Kima cha chini kwa mwenye miaka 21 na zaidi kilikuwa pauni 12.21 kwa saa kuanzia Aprili 2025, na hurekebishwa kila Aprili. Namba ya Bima ya Taifa (National Insurance) inaombwa serikalini bure. Anayekutoza ili akutafutie kazi ya kawaida anavunja sheria.

Na kama fedha zimeshaingia, usizitume popote, wala usizirudishe mwenyewe kwa anayedai zilikosewa. Usifute ujumbe wake. Piga 159, namba inayokuunganisha na benki nyingi za huko, au ile iliyo nyuma ya kadi yako, ueleze kila kitu. Kisha nenda ofisi ya ushauri ya chama cha wanafunzi chuoni kwako. Fanya hivyo leo, kabla benki haijakutafuta.